Ruhusa ya Kujaribu Tu

Mwenyekiti wa chama cha wakazi alisema maneno manne tu, tena kwa upole, na Kisilu hakuelewa hata moja.

"Kujaribu, ruhusa. Kucheza, hapana."

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa wamesimama kando ya bembea, Bwana Norman Gathogo ndani ya suti yake ya kijivu, Kisilu na ufagio wake wa fito. Kisilu ndiye aliyekuwa mtunzaji wa uwanja huo wa watoto pale mtaani Loresho, Nairobi. Alifagia majani ya mikaratusi, akakata nyasi, akapaka rangi mtelezo, akatia grisi minyororo, na usiku akalala mumo humo pamoja na mkewe na binti yao katika chumba kilichojengwa kiwe stoo ya vifaa. Uwanja wenyewe ulikuwa wa umma. Kibao cha zamani kilisema hivyo kwa yeyote aliyekuwa na muda wa kukwangua kutu. Lakini walioukarabati ni wakazi, waliouzungushia waya ni wakazi, na waliomlipa Kisilu ni wakazi, basi juu ya geti wakaandika kwa rangi nyekundu kwamba ni wa watoto wa wakazi pekee, na hakuna aliyekuja kuwauliza.

"Samahani, Chairman," Kisilu alisema. "Hapo nimeshindwa kushika kidogo. Tofauti yake ni gani?"

"Kujaribu ni kujaribu, Kisilu. Msichana wako anapanda, wewe unaangalia kama chuma iko sawa, anashuka. Si ndiyo mnafanyanga kila asubuhi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hiyo ni mambo ya usalama. Hiyo iendelee, nani amekataa? Shida ni jana. Jana alikuwa anacheza."

Kisilu aliitazama bembea, labda yenyewe ingemfafanulia.

"Na mtu akiwa mbali, Mzee, atajuaje kama anajaribu au anacheza?"

Bwana Norman alifikiri. Tuseme haki, alifikiri kweli, mpaka akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuomba michango wakati uwanja ulikuwa kichaka cha kutupia takataka.

"Alikuwa anacheka," alisema mwishowe.

Mambo yalianza hivi. Kila asubuhi kabla ya saa moja, Kisilu alipomaliza kutia grisi, alimwita bintiye Mumbe, mtoto wa miaka saba, naye akapanda kila kitu kimoja baada ya kingine: bembea tatu, mtelezo, ubao wa kupandishana. Desturi hii Kisilu hakufundishwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kilo themanini, na viti vile vilikuwa vya watoto, angekaa, angevivunja. Akaona ajabu gani? Mtoto ninaye, nyumba iko hapa hapa. Mumbe akipanda, baba anatega sikio. Mumbe akishuka, anatoa ripoti. "Ya katikati inalia, Baba." "Mtelezo una msumari umetoka." Kwa miaka mitatu hakuna mtoto wa Loresho aliyechubuka hata goti, na katika mkutano wa mwaka chama kilimpigia Kisilu makofi.

Kisha Jumamosi, saa nne mchana, watoto wamejaa, Shiku mjukuu wa Bwana Norman akamwona Mumbe amesimama mlangoni pa stoo. Akamwita aje amsukume. Mumbe akaenda, akasukuma. Halafu Shiku akasema, sasa panda wewe, nikusukume mimi. Watoto hawana kamati. Mumbe akapanda, akaruka juu mpaka gauni likamfunika uso, akacheka kicheko kilichosikika hadi kwenye magari. Mama mmoja mgeni mtaani akauliza, "Wewe msichana, wewe ni wa nyumba gani?"

Mumbe alimjibu kwa adabu zote. Alinyoosha kidole. "Hii hapa," akasema, akionyesha stoo.

Barua ya malalamiko ikamfikia Bwana Norman jioni ile ile.

*

"Rudia tena," alisema Philister, mkewe Kisilu. Alikuwa amechutama mbele ya jiko la makaa akipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Ajaribu, asicheze."

"Nani kasema?"

"Chairman."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa."

Philister aliacha kupepea. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mipana, mikono ya kufua. Jumanne na Ijumaa alifua kwa akina Bwana Norman, siku nyingine kwa majirani zake, na hakuna nguo ya ndani ya Loresho ambayo hakumjua mwenyewe wake.

"Baba Mumbe, ukisema sawa, umeelewa?"

"Sijaelewa. Lakini ningesema nini? Nimwambie sielewi mara ya tatu? Atafikiri nabishana."

"Kuuliza si ujinga."

"Nimeuliza! Akasema ni kucheka. Kwamba akicheka, hiyo ni kucheza."

Philister alimtazama mumewe ili aone kama anafanya mzaha. Hakuona mzaha wowote. Aliona mtu mzima amekaa juu ya debe la rangi, mikono kati ya magoti, kichwa kimemvurugika.

"Basi usimpeleke tena," alisema. "Wajaribu wenyewe, na hao watoto wao."

"Na mtoto wa mtu akianguka, nitasemaje? Hii kazi ndiyo nyumba, Mama Mumbe. Wakinifuta leo, kesho tunalala wapi?"

 Philister alirudi kwenye makaa akapepea kwa hasira mpaka majivu yakaingia kwenye ugali.

Kesho yake asubuhi Kisilu alimfundisha binti yake kujaribu. Alifanya hivyo kwa moyo wake wote, kama alivyofanya kila kitu. Alichuchumaa mbele yake akamshika mabega.

"Sikiliza, mama. Ni mara kumi. Unahesabu. Ikifika kumi, unashuka. Hatucheki. Hatupigi kelele. Hii ni kazi, sawa?"

"Kazi kama yako?"

"Kama yangu."

Mumbe akafurahi sana. Alipanda, akanyoosha mgongo, akakunja uso kama alivyoona watu wazima wakikunja. Moja, mbili, tatu. Kisilu alisukuma kwa kiasi. Ilipofika saba, bembea ikapanda pale inapopandia, na kicheko kikamtoka mtoto.

"Shh!" Kisilu alifanya, akageuka haraka kutazama geti.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlinzi wa nyumba ya pili akipiga mswaki. Kisilu alijisikia vibaya, na asijue ni kwa nini, maana hakuwa amefanya ila alichoambiwa.

"Si mimi, Baba," Mumbe alisema, amebana mdomo kwa viganja vyote viwili. "Ni tumbo. Ikipanda hivi, tumbo linacheka lenyewe."

*

Juma hilo lilikuwa la shughuli. Shiku alikuwa anatimiza miaka minane Jumamosi, na Bwana Norman alikuwa ameamua kwamba sherehe ifanyike uwanjani, na kwamba siku hiyo atatoa zawadi kwa mtaa mzima: bembea kubwa ya umbo la mashua, ya kukaa watoto sita. Alikuwa ameiagiza kwa fundi wa kando ya Ngong Road, pale karibu na Jamhuri. Siku ya Jumanne Kisilu alitumwa mjini kununua nati na grisi ya kuifungia.

Duka alilolijua lilikuwa Kirinyaga Road, duka la Balbir Singh, mzee wa kilemba cha buluu aliyekuwa amechomelea zile bembea tatu za zamani miaka mingi nyuma. Kisilu alimpenda kwa sababu alijua chuma na hakuwa na haraka.

"Hiyo mashua nani ametengeneza?" Balbir aliuliza, akihesabu nati kwenye kaunta.

"Fundi wa Ngong Road, Mzee Singh."

"Yeye amejaribu?"

"Sijui. Mimi ndiye nitajaribu nikishaifunga."

"Vizuri. Wewe unajaribunga na nini?"

Kisilu alifungua mdomo. Swali lilikuwa jepesi, na jibu alikuwa nalo, jibu la kila asubuhi kwa miaka mitatu. Halikutoka.

"Kuna... mzigo fulani tunatumia."

"Kilo ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

Balbir akacheka mpaka akashika kilemba. "Ishirini! Hiyo si kujaribu, bwana, hiyo ni kupanda tu! Mimi zile za kwanza nilitundika simiti, mifuko nne, kilo mia mbili. Siku mbili, usiku na mchana, inaning'inia. Mimi nasukuma, naangalia, napiga nyundo. Ikikaa, ndio naita mtoto." Alifunga nati kwenye karatasi. "Hiyo mzigo yako ni nini? Mawe?"

"Ndiyo," alisema Kisilu. "Ni mawe."

Alitoka nje akasimama kwenye jua na kelele za mikokoteni, grisi mkononi. Kwa nini alidanganya? Kwani alikuwa ameiba kitu? Alitembea hadi stendi akijiuliza, na alipofika hakuwa na jibu, ila alijua kwamba atamwomba Bwana Norman magunia mawili ya mchanga ya kutundika kwenye mashua.

*

Hapo ndipo alipoharibu mambo. Au Philister ndiye aliyeyaharibu. Wenyewe hawajakubaliana mpaka leo.

Jumatano usiku Philister alisema, "Kama ni kazi, basi wamlipe."

"Nani?"

"Mumbe. Wewe mwenyewe ulimwambia ni kazi. Asubuhi anaamka kabla ya kuku, hanywi hata chai. Akicheka anakemewa. Hiyo si kucheza, wamekataa wenyewe. Kwa hivyo ni kazi. Kazi ina mshahara."

Kisilu aliigeuza hoja hii huku na huku atafute tundu lake, akalikosa. Na Alhamisi asubuhi Bwana Norman alipokuja kuona mahali pa kufunga mashua, Kisilu, pamoja na ombi la mchanga, aliitoa ile hoja ya mkewe, tena akitabasamu, nusu utani, ili ikikataliwa ionekane ulikuwa utani mtupu.

Bwana Norman hakutabasamu. Rangi ilimbadilika.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, Mzee. Ni Mama Mumbe tu alikuwa anasema..."

"Unajua unachosema? Mtoto wa miaka saba, mshahara! Unataka tuandikwe kwa gazeti kwamba watu wa Loresho wameajiri mtoto? Unajua kuna sheria ya watoto nchi hii?"

"Si hivyo, Chairman..."

"Hakuna kujaribu tena. Wala kucheza. Asionekane karibu na hizo vitu. Full stop."

"Na mchanga, Mzee?"

"Mchanga uende kwa kamati."

Kamati ilikuwa inakutana mwezi uliofuata.

Hebu mtu amwonee Kisilu huruma. Jumapili mtoto wake alikuwa mkosaji kwa kucheza. Jumatatu alikuwa mfanyakazi. Alhamisi kufanya kazi kukawa kosa kubwa kuliko lile la kucheza. Alirudi stoo akamwambia Mumbe kwamba kuanzia leo asitoke mlangoni mpaka wakati wa shule. Mumbe aliuliza kwa nini. Alisema Chairman amesema. Mumbe aliuliza Chairman amesema kwa nini. Kisilu alisema, "Nyamaza, kula."

Ijumaa asubuhi alitia grisi peke yake. Kila alipoinua kichwa aliona uso wa mtoto kwenye kidirisha cha stoo, unafuata mikono yake. Alipotoka bembea ya kwanza kwenda ya tatu, sauti ndogo ikasema kutoka ndani, "Baba, umeruka ya katikati." Kweli alikuwa ameiruka.

*

Mashua ilifika Ijumaa hiyo saa nane, ikafungwa, na saa kumi na moja jioni ikawa inaning'inia katikati ya uwanja, nyekundu, rangi bado inanata mahali mahali. Philister alikuwa amerudi kutoka kufua, anaanika nguo zake mwenyewe kwenye ua. Gari la Bwana Norman likaingia na viti vya sherehe, na Bwana Norman akashuka akafunga geti kwa mkono wake. Shiku alibaki garini akihesabu baluni.

Bwana Norman aliizunguka mashua mara mbili. Aliupapasa mnyororo. Alitazama pale juu ambapo chuma kilikutana na chuma, pale ambapo fundi alikuwa amechomelea, pakavimba vibaya.

"Iko sawa?"

"Nimekaza kila nati, Mzee. Zaidi ya hapo sijui. Haijajaribiwa."

"Kesho saa nne watu wanafika hapa." Alishusha sauti. "Kisilu. Mwite msichana wako."

Kisilu alidhani amesikia vibaya. "Mumbe?"

"Mara moja tu. Geti nimefunga, hakuna mtu anaona."

"Lakini Mzee ulisema jana asionekane..."

"Najua nilisema nini jana! Jana ni jana. Unataka watoto wa watu waumie kesho? Hiyo utabeba wewe?"

Kisilu hakujua ashike lipi aache lipi. Lakini hakuhitaji kumwita mtu. Mumbe alikuwa amesikia jina lake kupitia kidirisha, akatoka mbio miguu mitupu, uso unang'aa. Kazi yake ilikuwa imerudi. Alipanda mashua kwa ustadi, akakaa katikati ya benchi ya mbele, akashika vyuma, akanyoosha mgongo na kubana midomo.

"Baba Mumbe," alisema Philister kutoka kwenye kamba ya nguo. Alisema jina tu.

"Ni mara moja," alijibu Kisilu bila kugeuka. Alikuwa ameshika mnyororo tayari.

Hapo mlango wa gari ukafunguka. "Guka! Na mimi! Na mimi!" Shiku alikuwa anakuja kwa kasi akimwita babu yake, baluni mkononi, macho kwenye mashua. Alifika, akaweka mguu mmoja ndani, karibu na Mumbe.

Bwana Norman aliruka. Mzee wa miaka sitini na kitu, na suruali yake ya kunyooshwa, aliruka kama mtu anayeokoa mtoto barabarani. Alimnyakua Shiku kiunoni, akamvuta nyuma hatua tatu, baluni ikapasuka.

"Wewe!" alimfokea. "Unataka kufa? Hiyo bado haijajaribiwa!"



Bwana Norman alisimama pale amemkumbatia mjukuu wake kifuani. Mbele yake, ndani ya mashua, Mumbe alikuwa amekaa vile vile, amebana midomo, anasubiri. Mzee alimtazama yule mtoto, akatazama mnyororo, kisha akatazama chini. 

Kisilu hakuwa anamtazama Bwana Norman. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Mkono ulikuwa juu ya mnyororo, vidole vimeshika vizuri, kiwiko kimekunjwa, tayari kusukuma. Hakuna aliyemshikisha. Miaka mitatu, asubuhi baada ya asubuhi, mkono ulikuwa huo huo, na kabla ya Bwana Norman kujua lolote kuhusu kujaribu, yeye baba mtu alikuwa amekwisha kuanza. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ikamjaa mpaka masikio yakawaka.

"Shuka," alisema.

"Sijaanza, Baba."

"Shuka, Mumbe."

"Bado hata moja! Ni kumi!"

Alimwinua kwa makwapa akamtoa. Mtoto alijikaza, akarusha miguu, haelewi. Philister alikuwa amefika, shuka mbichi begani, naye alisimama kati ya mashua na mzee.

"Kisilu," Bwana Norman alisema, sauti imeshuka kabisa. "Na kesho?"

"Tafuta simiti mifuko minne, Mzee. Inabaki imening'inia siku mbili."

"Sherehe ni kesho."

"Basi sherehe watakaa kwa viti."

"Unajua hii maneno nitapeleka kwa kamati? Unajua unakaa nyumba ya nani?"

"Najua," alisema Kisilu. Na kwa juma zima lile lilikuwa neno la kwanza alilolisema akiwa na hakika nalo. Alitoa kufuli mfukoni, ile ya stoo, akapitisha mnyororo wa mashua kwenye nguzo akaufunga, na ufunguo akampa mkewe. Usiku huo mlango wao haungekuwa na kufuli. Hakuwa amefikiri mbali hivyo, na hata angefikiri asingejua wataamkia wapi Jumatatu.

Gari liliondoka na Shiku ndani, analia kwa ajili ya baluni. Mumbe naye alikuwa analia, lakini kwa namna ya mtu mzima, bila sauti, akijifuta kwa mgongo wa mkono. Kisilu alipiga magoti kwenye nyasi mbele yake.

"Baba," alisema mtoto. "Nimefutwa kazi?"

Ilikuwa rahisi kumwambia hapana. Ilikuwa rahisi hata kumwambia ukweli, kwamba ile haikuwa kazi na haikupata kuwa kazi. Lakini Mumbe alikuwa mtoto wa kuuliza. Angeuliza, sasa kama haikuwa kazi, na kucheza mlinikataza, mlikuwa mnanipandisha kwa nini? Kisilu alifungua mdomo, akaufunga, akamvuta mwanawe karibu ili asimwone uso.